Sitatoka Katika Nyumba Inayopumua

Mbarara, Jumapili mchana

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Cirhuza,

Nakusalimu kwa heshima yote, na kabla ya neno lingine nataka kujua: umeamkaje? Kifua kinasemaje? Bahati ameniambia kwamba siku hizi unakohoa alfajiri mpaka majirani wanaamka kabla ya jogoo. Miguu je? Maharage ya kule mlimani yametoka salama, au mvua ya mawe iliyapiga? Yule mbuzi mkaidi bado anakata kamba na kwenda kula mboga za watu? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Neema anasoma na anakua, nguo zote zimekuwa fupi. Baba Neema yuko kambini Nakivale, anapambana na mahindi yake na nyani wanaoyataka. Mimi niko hapa Mbarara kazini. Ninakula, ninalala, ninapumua. Neno hilo la mwisho nimeliweka kwa makusudi.

Ujumbe wako wa sauti umenifikia. Bahati, huyu mwana wa dada yako anayezunguka na vitenge vyake, aliufungua pale sokoni Base Camp, kule kule Nakivale, simu ameiinua juu kama redio, na wauza nyanya wote wakasikia: "Nabintu, toka mu ile nyumba! Ile mashini inakulaka pumuzi ya bantu, inapatia bengine. Kama hautoke, usiniite tena baba." Mama mmoja aliacha kupima samaki wake wakavu wa ndakala, akanitazama kwa huruma kama mfiwa. Ndiyo maana ninakujibu kwa karatasi. Karatasi haipigi kelele sokoni, na wewe unajua kusoma, hutahitaji mtu wa kukusomea na kuongeza chumvi yake.

Jibu langu ni hili, nisikuzungushe: sitatoka.

Sasa kaa vizuri nikueleze, maana najua umekasirika, na mimi pia nimekasirika, na hasira hiyo nimeirithi kwako.

Bahati alikuja kunisalimia hapa kazini. Nilimkaribisha jikoni, nikamwekea chai. Akaona juu ya mlango kitundu chenye kifuniko cheupe, akanyoosha mkono, akasikia upepo kidogo ukivutwa humo, akauvuta mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Inapumuaka!" akasema. "Dada, hii nyumba inapumuaka!"

"Ni mashini ya hewa," nikamwambia.

"Klimatizeri?"

"Hapana. Haifanye baridi."

"Basi inafanya nini?"

"Inatoa hewa ya ndani, inaingiza ya inje."

"Na madirisha iko ya nini? Banakatazaka kufungua?"

Nikafungua dirisha mbele ya macho yake, nikalifunga, nikalifungua tena. Hakuna aliyelia, hakuna king'ora. Lakini Bahati alikuwa ameshaamua. Chai hakuinywa. Na bahati mbaya, wakati ule ule mama mzazi wa Daktari, mwenye nyumba hii, alianza kukohoa nyuma ya ukuta, kikohozi kirefu cha kizee. Bahati akanitumbulia macho, akachukua mfuko wake akaondoka. Sasa wewe kule nyumbani Walungu umepata habari kamili: kuna nyumba isiyofunguliwa, mashine inachukua pumzi ya wengine na kumpa mwanao, na mzee mmoja tayari ameshaanza kwisha.

Nyumba hii ni ya Daktari wa mifugo. Aliishi miaka mingi nchi za baridi akitibu ng'ombe, akarudi na mawazo yake, akajenga kando ya barabara ya vumbi ambako malori ya matoke yanapita mchana kutwa. Ukiacha madirisha wazi, kufika saa sita unaweza kupanda karanga juu ya meza. Ukiyafunga yote, watu wanakaa ndani na jasho lao na mvuke wa sufuria mpaka ukuta unatoa ukungu. Ndiyo maana alileta lile sanduku. Liko juu ya dari ya ujia, ukubwa wake kama sanduku la nguo. Feni moja inavuta hewa chafu bafuni na jikoni na kuitupa nje. Feni nyingine inaleta hewa ya nje, inaipitisha kwenye chujio la vumbi, inaipeleka vyumbani. Humo sandukuni hewa hizo mbili zinapishana, lakini katikati yake kuna makaratasi membamba sana, hazichanganyiki. Ni kama watu wawili wanaopishana mlangoni wakati wa baridi: anayetoka anamvulia anayeingia koti lake, kisha kila mmoja anaendelea na safari yake. Koti, yaani joto, limebaki ndani, mtu ameondoka. Saa za jua kali inakuwa kinyume, joto la nje linarudishwa huko huko. Wageni wa Daktari humcheka, wanasema kitu hicho ni cha nchi za barafu. Anawaacha wacheke, kisha wanakaa sebuleni kwake mpaka jioni maana nje kunawaka.

Hakuna pumzi ya mtu inayopewa mtu mwingine, baba. Pumzi ya watu waliobanana hukaa katika nyumba iliyozibwa. Hapa inatolewa nje.

Lakini kikohozi kilikuwepo, na sitakuficha. Kaaka, ndivyo wanavyomwita bibi huku, yule mama wa Daktari, alikohoa kweli, na kidogo nifukuzwe kwa ajili yake. Hilo Bahati hakulijua. Angelijua, leo ungekuwa umeshanifanyia matanga.

Lazima ujue kwamba watu wa huku maziwa kwao si kinywaji tu. Vyombo vya maziwa ni vya mti, vimechongwa vizuri, na kila mara vinafukizwa moshi wa majani makavu ili maziwa yawe na harufu yake. Mwanamke ambaye maziwa yake hayanuki moshi ule anaonekana hakufunzwa. Kaaka alikuwa akifukiza vyombo vyake kwenye kibanda cha nyuma. Mvua zilipozidi, Daktari akamhurumia, akamwambia ahamie stoo, ndani ya nyumba, kwa kuwa mashine ipo, itautoa moshi. Basi Kaaka akawa anawasha majani yake stoo, anafunga mlango, na chumba chake cha kulala kiko pale pale kando.

Baada ya muda kikohozi kikaanza. Kuta za vyumba zikaanza kutoa jasho. Asubuhi watoto wa Daktari wanaamka vichwa vizito. Na katika nyumba hii mtu anayegusa mashine ni mmoja, mimi, maana Daktari alinifundisha kutoa chujio na kulisafisha. Madamu, mke wa Daktari, akaanza kunitazama kwa pembeni. Tumusiime, askari wa geti, akaacha kunisalimia. Nikajua kinachokuja. Mkimbizi wa kambini akiwa ndani ya nyumba ya watu, kitu kikiharibika hakitafutwi mbali.

Jumamosi moja nikaitwa sebuleni. Daktari amekaa, Madamu amekaa, Kaaka yuko kwenye kiti chake na blanketi magotini, Tumusiime amesimama mlangoni kofia mkononi.

"Mama Neema," akasema Madamu, "kabla wewe nakuja hapa, Kaaka alikuwa mzima. Wewe peke yako nagusa hii mashine. Sasa watu nasema wewe naweka kitu ndani."

Baba, nilisikia damu inapanda. Nikasema kwa Kiswahili chetu, maana hasira haijui kutafsiri: "Madamu, sikuweke kitu. Kama munawaza ninamuuwa Kaaka, muite polisi, niseme mbele yabo. Lakini sitafunga mizigo yangu juu ya kikohozi chenye sikuleta. Nikitoka leo, nitatoka na jina la mulozi, na hilo jina litanifuata mpaka Nakivale."

Kisha, kwa sababu siku ile ilikuwa ya kusafisha, nikaenda nikaleta lile chujio niwaonyeshe kwamba kazi yangu ninaifanya. Nikaliweka juu ya meza.

"Mutazame! Iko safi kuliko sahani."

Nilikuwa najisifu kabisa. Daktari akalichukua, akapitisha kidole. Akaniuliza, "Umeliosha leo?"

"Bado. Ninatoka kulitoa sasa hivi."

"Na vumbi lote hili la barabarani limekwenda wapi?"

Hakungoja jibu. Akatoka nje, akazunguka nyuma ambako mdomo wa bomba la kuingizia hewa upo, na tukamsikia akiita jina la Tumusiime. Aliporudi alikuwa ameshika gunia la pumba, limekunjwa na kubanwa vizuri, na majani ya mgomba juu yake. Bomba lilikuwa limezibwa. Chujio lilikuwa safi kwa kuwa hakuna hewa iliyopita humo.

Tumusiime akaikunja kofia yake. "Sebo, bwana mkubwa, mimi nafuata amri tu."

"Amri ya nani?"

Madamu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Madamu bila kupepesa, na nakuambia kweli, kama angesema neno moja zaidi ningemjibu vibaya. Ndipo Kaaka akagonga fimbo yake chini. Marehemu mumewe alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kambi ya askari.

"Acha huyu mama," akasema. "Mimi natuma askari. Mimi nasema: ziba!"

"Lakini kwa nini, mama?" Daktari akauliza.

"Mukwe yangu nakuja hapa, nakunywa maziwa, naweka kikombe chini. Nasema maziwa hapana nuka moshi. Mimi! Mimi naambiwa hivyo katika nyumba ya mutoto yangu! Hii mashine yako naiba moshi yangu."

Hakuna aliyecheka. Mama mzima wa umri ule, aibu ilikuwa imemkaa machoni kama kwa msichana.

Daktari akakaa chini karibu na miguu ya mama yake akamweleza taratibu, na ndipo mimi pia nikaelewa. Feni ya kuingiza imezibwa, lakini ya kutoa inaendelea kuvuta. Nyumba inayovutwa hewa lazima ipate nyingine mahali fulani. Basi ikaivuta popote ilipopata upenyo, na upenyo mkubwa ulikuwa chini ya mlango wa stoo, mle mle majani yanamowaka. Moshi ukatoka stoo, ukapita juu ya kitanda cha Kaaka, ukaelekea kwenye kitundu cha bafuni kwake. Kila alipofukiza chombo, alijifukiza na yeye mwenyewe. Kisha Daktari akasema kosa la kwanza ni lake, kwamba mashine ya hewa ni ya watu wanaoishi ndani, haiwezi kubeba moshi wa moto uliowashwa ndani, na hakupaswa kumwambia mama yake aingize majani yale nyumbani.

Na ile harufu ya maziwa? Hakuna aliyeiiba. Chombo kinapata harufu kutokana na moshi unaoingia tumboni mwake kikiwa kimefunikwa juu ya kijungu cha majani yanayofuka, hewa ya sebuleni haihusiki. Majani yalikuwa yamelowa mvua. Kaaka mwenyewe ndiye aliyegundua hilo tulipoyarudisha kibandani na kuyaanika. "Majani ilikuwa maji," akaniambia, akanipa chombo nikishike wakati yeye anapuliza. Siku hizi tunafukiza pamoja huko nje, mlango wazi, na yule mkwe alikunywa maziwa akaomba tena.

Sisemi mashine imemponya Kaaka. Alipelekwa hospitali, akapewa dawa, na bado anakohoa kidogo. Lakini anakohoa kama mtu, si kama Bahati alivyomsikia. Madamu hakuniomba msamaha kwa maneno. Kesho yake alinikabidhi funguo za stoo bila kunitazama, na mimi nilizipokea bila kutabasamu. Tunaendelea.

Kwa hiyo baba, nyumba ile iliyokutisha ilikuwa inamdhuru mtu, kweli, lakini ni siku zile ilipozibwa. Na walioiziba waliiziba kwa nia njema. Hilo ndilo linalonikosesha raha tangu nisikie ujumbe wako.

Nilipokwenda Nakivale likizo iliyopita, nilipanda gari mpaka Kaberebere, kisha bodaboda, na njia nzima nilikuwa nawaza nyumba yetu wenyewe. Unaijua kwa picha: matofali ya udongo, bati, na ile karatasi ya plastiki tuliyopewa tulipofika. Tulikuwa tumeiziba kila mahali tukijisifu kwamba hakuna upepo unaopita. Na mbabula, lile jiko letu, tulikuwa tunaiingiza ndani jioni na makaa mekundu, tukiota moto na mlango umefungwa. Nikamwambia Baba Neema, toboa. Akasema, "Tutoboe nyumba yetu siye benyewe? Mama Neema, Mbarara imekuharibu kichwa." Lakini ni mtu mwema, alipanda juu ya kiti akatoa matofali chini ya bati, upande huu na upande ule, akaweka wavu wa mbu. Mbabula ikahamia nje moja kwa moja. Hatuna umeme wala sanduku la Daktari la kuhifadhi joto. Joto tunalihifadhi kwa blanketi, na blanketi linatosha.

Mama wa jirani, Mrundi, mtu wa sala kweli kweli, alikuja kunionya. "Mama Neema, umetoboa nyumba, mwana atashikwa na mapafu." Nikamwambia mwana wangu alikuwa anaamka na kichwa kinamuuma kila siku, na tangu tutoboe haamki hivyo. Akaondoka akitikisa kichwa. Wengine walisema najifanya mzungu. Waseme. Neema analala vizuri.

Sasa nifike kwenye neno ambalo nimelizunguka tangu mwanzo, na naomba ulisome ukiwa peke yako.

Chumba chenu na mama kilikuwa na dirisha upande wa migomba. Mama alipoanza kukohoa, wewe uliliziba kwa matofali na udongo ili upepo usimpige. Ulisogeza moto karibu na kitanda ili asisikie baridi. Ulikaa naye humo ukipuliza makaa, ukikataa hata kwenda shambani, na kijiji kizima kilikusifu kwamba hakuna mume kama wewe. Na mama alikuwa akituomba tumtoe nje uani. Sote tukadhani ni homa inayosema. Alipokufa watu walisema ni karuho, ametiwa sumu na mtu. Mtu gani, baba? Nani angemtilia sumu mama?

Sikulaumu. Narudia, sikulaumu. Sijui kama dirisha lingemwacha mama hai, na Daktari nilipomuuliza alisema hata yeye hawezi kujua. Lakini ninajua ulilala chumba kile kile tangu siku ile, ukuta ule ule, moto pale pale, na sasa wewe ndiye unayekohoa. Na kutoka katika chumba hicho unanitumia ujumbe kwamba mimi ndiye niliye katika nyumba inayoua watu.

Hapana, baba. Safari hii sikutii. Sitatoka hapa. Hata shemeji yangu akija kunichukua, maana Bahati amesema umemtuma, atakunywa chai na kurudi peke yake. Na mimi, mtoto wako, nakuamuru, ndiyo, nimesema nakuamuru, nikosee adabu lakini uishi: bomoa ule ukuta. Toa moto chumbani. Ukisikia baridi niambie, nitakutumia blanketi kwa Bahati.

Umesema nisikuite tena baba. Nitakuita. Kama hupendi kulisikia jina hilo, basi pata pumzi ya kutosha ya kunikaripia.

Nisalimie mama mdogo, mke wa baba mdogo, na umshukuru kwa kukuletea maji kila asubuhi. Nisalimie katekista wetu wa parokia, aendelee kutuombea lakini asiombee mashine iharibike. Nisalimie bibi yangu mzaa mama, umweleze kwamba Neema amechukua pua yake. Bahati msalimie kwa kiasi, chai yake niliinywa mimi. Na mdogo wangu Murhula, aliye fundi mwashi, yeye usimpe salamu. Mpe barua hii asome ile sehemu ya ukuta, kisha mwonyeshe nyundo iko wapi.

Ukiniandikia tena kwamba nitoke, andika ukiwa umekaa dirishani kwa mama.

Ni mimi binti yako, utake usitake,

Nabintu